Difu ya mbele iliyouawa na shokapu za nyuma: monsta traki mbili za umeme kwenye uwanja mmoja

Tuchukue dereva mmoja mwenye monsta traki mbili za rimoti, zote za umeme, anazoziendesha kwenye uwanja mmoja. Gari dogo ni la kipimo cha 1/10, linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, chasisi yake ni ya nailoni iliyoumbwa kama beseni, na likiwa na betri lina uzito wa kilo 2.2. Linatumia betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 3, yaani volti 11.1. Gari kubwa ni la kipimo cha 1/8, magurudumu yote manne yanavuta, lina difu tatu, yaani seti za gia zinazoruhusu pande mbili zizunguke kwa kasi tofauti (mbele, katikati na nyuma), chasisi yake ni bamba la alumini, na uzito wake ni kilo 5.4. Hilo linabeba betri mbili za seli 3 zilizounganishwa mfululizo, kwa hiyo mota inapata volti 22.2.

Uwanja una changarawe iliyoshindiliwa, kipande cha nyasi fupi, ukingo wa zege upande mmoja, na rampu inayorusha gari kiasi cha mita 1.5 kwenda juu. Gari linatua kwenye ardhi bapa. Hilo la mwisho lina uzito wake, nitalirudia.

Malalamiko ni haya. Gari kubwa limekula difu ya mbele mara tatu, kila mara meno ya krauni, ile gia kubwa ya difu inayozungushwa na gia ndogo iitwayo pinioni, yamekatika. Gari dogo lilikuwa likivunja mikono ya mbele ya suspensheni. Mwenyewe akafunga mikono ya alumini, mikono haikuvunjika tena, ila kitako cha mbele kinachoishikilia kikapasuka. Isitoshe, gari dogo linapinduka kwenye kona na gari kubwa linapiga pua chini kila likiruka. Hukumu yake ni kwamba gari kubwa lina difu dhaifu na linahitaji gia za chuma kigumu zaidi, na kwamba gari dogo ni bovu kwa asili yake.

Hukumu zote mbili zina makosa, na kosa linaanza mahali pamoja: amekagua kilichovunjika bila kufuata pigo lilikotoka.

Krauni iliyokufa inasema mengi ukiisoma kabla ya kuitupa. Meno yaliyolika kwa usawa mzunguko mzima yanaonyesha grisi imekauka au mchanga umeingia. Meno yaliyomomonyoka ncha tu yanaonyesha krauni imekaa mbali na pinioni, meno yanashikana kwa ncha. Meno matatu au manne yaliyo jirani yakikatika pamoja, huku mengine yakiwa safi na yenye grisi, hilo ni pigo moja la ghafla. Kwenye gari hili meno manne jirani yamekatika, na yaliyobaki yana alama ya kushikana upande wa ncha. Basi kuna mambo mawili: pigo, na nafasi iliyozidi kati ya krauni na pinioni iliyolifanya pigo liue.

Sasa tulifuate pigo. Gari linapopanda rampu, shokapu zinabanwa. Magurudumu ya mbele yakishatoka kwenye ncha, ya nyuma bado yamebanwa, na yakifika kwenye ncha yanafunguka. Shokapu za nyuma zikifunguka upesi mno zinarusha makalio ya gari juu, na pua inaelekea chini. Kwenye gari hili shokapu za nyuma zilikuwa na oili ya cSt 350 (cSt ni kipimo cha uzito wa oili, namba ikipanda oili ni nzito zaidi) na springi ngumu, na moja ilikuwa imevuja mpaka ikabaki na hewa nusu. Ukibonyeza makalio ya gari kwa mkono na kuachia, yalikuwa yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Hapo ndipo kisa kilipoanzia, mwisho wa pili wa gari kabisa, mbali na difu iliyokuwa ikilaumiwa.

Dereva akiona pua inazama angani hufanya jambo sahihi kwa mkono wake: anavuta triga ya rimoti, ile inayoongeza kasi. Magurudumu yakizidishiwa kasi kwenda mbele, mwili wa gari unajibu kwa kuzunguka kinyume, pua inainuka. Akifunga breki angani, pua inashuka. Kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta nguvu hii ni kubwa, kwa sababu matairi yote manne mazito yanashiriki. Lakini gari limezama sana, hivyo analazimika kuvuta triga mpaka mwisho, na bado pua haijanyooka linapofika chini. Gari linasonga angani kwa kilomita 35 kwa saa, matairi yanazunguka kama yako kwenye kilomita 80, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayogusa ardhi kwanza. Ardhi inayasimamisha ghafla hadi kasi ya gari. Nguvu yote iliyokuwa ikizunguka kwenye matairi ya nyuma, kwenye shafti na kwenye rota ya mota inatafuta pa kutokea, na njia iliyobaki ni ile krauni ya mbele.

Difu ya katikati ingeweza kulipunguza pigo hilo. Kazi yake ni kuruhusu mbele na nyuma vizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo mbele ikisimamishwa ghafla, nyuma huendelea kuzunguka na pigo linapungua. Ila mwenye gari alikuwa ameijaza oili ya cSt 500,000. Sababu yake ilikuwa ya maana: kwa oili nyepesi, gari likianza kwa nguvu mbele kunakuwa kwepesi, nguvu inakimbilia matairi ya mbele na yanavimba kama maputo. Oili nzito iliondoa kero hiyo, na hapohapo ikaifunga difu ya katikati karibu kama shafti ya moja kwa moja. Alitengeneza tabia ya gari kwenye mstari ulionyooka, akaondoa kinga ya difu ya mbele. Hapa ndipo panaponifanya nisikubali kamwe kutenganisha mjadala wa uimara na mjadala wa uendeshaji. Kwenye monsta traki ni jambo moja linaloangaliwa kutoka pande mbili.

Kuongeza gia ngumu zaidi bila kugusa hayo mengine kungehamisha uvunjikaji. Krauni ikistahimili, kitakachofuata ni shafti ya mbele, au vikombe vinavyoishika, au nyumba ya difu itatanuka na kuachia meno yaruke. Kiungo dhaifu hakipotei, kinahama, na mara nyingi kinahamia mahali pagumu zaidi kupafungua.

Matengenezo ya gari kubwa yalipaswa kufuata mpangilio huu, na mpangilio una sababu: kwanza unaondoa chanzo, halafu unarekebisha kinga, mwisho unafunga kipya kilichovunjika. Ukianza na difu mpya na kwenda kuijaribu, unaivunja mara ya nne.

Shokapu za nyuma zinafunguliwa, oringi zote za chini zinabadilishwa, na zinajazwa oili ya cSt 600. Jaza ukiwa umevuta shafti mpaka chini, ipandishe na kuishusha pistoni polepole mara kumi hivi, kisha iache shokapu wima kwa dakika 10 ili viputo vipande juu. Hewa ikibaki ndani, sentimita ya kwanza ya safari ya shokapu, yaani mwendo wake wa kubanwa na kufunguka, haina kazi yoyote. Mbele weka oili nyepesi kidogo, cSt 500, kwa kuwa mbele hubeba uzito pungufu. Usikimbilie cSt 1,000 ukidhani nzito ndiyo imara. Oili nzito mno haipiti haraka kwenye matundu ya pistoni wakati wa kutua kwa kishindo, shokapu inakuwa kama fimbo, na pigo linapanda kwenye kibao kinachoshikilia shokapu kwa juu na skrubu zake. Vibao vingi vilivyopinda vimepindwa na oili, mtu akaulaumu ukuta.

Kipimo cha haraka: dondosha gari kutoka sentimita 30, likiwa sawasawa. Chasisi ikaribie ardhi au iiguse kidogo sana, kisha gari lipande mara moja na kutulia. Likidunda, oili ni nyepesi au springi ni ngumu. Likibamiza chasisi kwa kelele, springi ni laini au oili imekwisha.

Difu ya katikati inamwagwa, inasafishwa, inajazwa oili ya kati ya cSt 60,000 na 100,000. Ya mbele na ya nyuma zinapata cSt 10,000. Kiasi ni mpaka oili ifunike msalaba wa gia ndogo za ndani, isifike mdomoni, kwa sababu inatanuka ikipata joto na kusukuma gasketi nje. Matairi ya mbele yatavimba kidogo tena. Dawa yake ni matairi yenye mkanda wa ndani unaozuia kuvimba, au kupunguza makali ya mwanzo wa triga kwenye mipangilio ya kontrola, kifaa ndani ya gari kinachodhibiti kasi ya mota. Mkanda huo unaongeza gramu kadhaa kwa kila tairi, nao ni uzito unaozunguka, kwa hiyo kipengele cha triga kijaribiwe kwanza.

Kisha difu ya mbele yenyewe. Kabla ya kufunga krauni mpya, kagua beringi mbili za pinioni na mbili za krauni. Beringi yenye mchezo inatosha kufanya krauni irudi nyuma. Weka washa nyembamba ya milimita 0.2 nyuma ya krauni, upande unaoisogeza kuelekea pinioni. Funga nyumba ya difu, zungusha kwa vidole. Ukisikia mkwaruzo mzito au sehemu moja inayogoma, ondoa na uweke ya milimita 0.1. Inapokuwa sawa, inazunguka laini, na ukiishika krauni huku unatikisa pinioni unasikia mchezo mdogo sana, kama unene wa karatasi. Pinioni nayo hubadilishwa pamoja na krauni. Pinioni ya zamani ikikutana na krauni mpya, mpya inalika ndani ya chaji chache za betri. Skrubu zinazoingia kwenye chuma zipate gundi ya bluu ya skrubu, zinazoingia kwenye plastiki zisipate, kwa sababu gundi hiyo huwa inaidhoofisha baadhi ya plastiki.

Mwisho ni kidole cha dereva. Gari likikaribia rampu, triga ishikwe mahali pamoja mpaka magurudumu ya nyuma yatoke. Kuiachia kwenye ncha kunazamisha pua hata kama shokapu ni nzima. Angani rekebisha kwa kugusa kidogo, na kabla ya kugusa ardhi rudisha triga karibu na pale ilipokuwa rampuni, ili kasi ya matairi ilingane na ya ardhi. Ukitua triga ikiwa mwisho, unaipiga krauni. Ukitua umefunga breki, unaipiga vilevile kutoka upande wa pili.

Twende kwa gari dogo, ambalo kesi yake ni fupi zaidi.

Mikono yake ya mbele ilivunjikia kwenye ukingo wa zege, si kwenye rampu. Swali la kwanza ni kwa nini gari linafika kwenye zege. Linasukumwa na nyuma na uzito wake mwingi uko nyuma. Ukivuta triga kwenye kona, mbele kunazidi kuwa kwepesi, matairi ya mbele yanateleza na gari linaendelea kunyooka kuelekea ukingoni. Ukifunga breki, ni magurudumu ya nyuma tu yanayoshika, makalio yanazunguka. Juu ya hayo, springi ya kinga ya servo, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, ilikuwa imelegea: ukishika magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani wa rimoti, servo inazunguka na magurudumu hayaendi. Kwa kasi ndogo hilo halionekani. Kwa kilomita 40 kwa saa gari linakata nusu ya kona iliyoombwa.

Dawa ni kukaza springi hiyo mpaka magurudumu yageuke gari likiwa limesimama kwenye changarawe, bila kuikaza mpaka mwisho, kwa kuwa ikikazwa kabisa meno ya servo ndiyo yatakayokatika. Matairi ya mbele yawe na mistari inayozunguka tairi, ambayo hushika pembeni vizuri kuliko vitufe. Na kwa uwanja huu betri ishushwe kuwa ya seli 2, volti 7.4. Kwa seli 3 gari dogo linainua pua kila ukigusa triga na nusu ya muda halina usukani.

Mikono ya alumini itoke. Mkono wa nailoni ukipigwa unapinda, unapunguza pigo, unarudi ulivyokuwa, na ukizidiwa unavunjika wenyewe. Kuubadilisha ni pini moja na dakika kumi. Mkono wa alumini haurudi. Ama unapinda na kubaki umepinda, ama unapitisha pigo zima kwenye kitako, ambacho kukibadilisha ni kufungua mbele yote ya gari. Nailoni ikiwa mpya na kavu sana, au kwenye baridi, huwa inakatika upesi kuliko kawaida. Inapofyonza unyevu inakuwa na ustahimilivu zaidi, ndiyo maana wapo wanaochemsha mikono mipya kwenye maji kwa robo saa kabla ya kuifunga. Alumini ina mahali pake: kishikio cha mota, vifuniko vya juu vya shokapu, kibao kinachofunga pini za mikono kwa mbele. Hizo ni sehemu zinazotakiwa zisisogee. Mkono unatakiwa usogee.

Kupinduka kwenye kona kulitokana na kimo. Mikono ya suspensheni ilikuwa imeelekea chini sana kwa sababu ya springi zilizokazwa kwa ajili ya rampu. Legeza springi mpaka mikono ya nyuma ilale sambamba na ardhi gari likiwa na betri, na ya mbele vivyo hivyo au juu kidogo. Klachi ya kuteleza nayo ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Ikaze kabisa kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja. Gari likianza kwa nguvu, klachi iteleze kwa sauti nyembamba kwa nusu mita ya mwanzo. Hiyo ndiyo inayolinda gia za gari dogo pale linapotua triga ikiwa imevutwa.

Sasa ukitaka kulinganisha uimara wa magari haya mawili kwa haki, weka hesabu mbele. Kwa kuanguka mita 1.5, gari dogo linafika chini na nishati ya jouli 32 hivi na gari kubwa jouli 79. Lakini uzito haukuambii mengi kuhusu kutua, kwa sababu shokapu za gari kubwa zina safari ndefu. Gawanya kimo cha kuanguka kwa safari ya suspensheni: gari kubwa lenye safari ya sentimita 9 linapata wastani wa mara 17 hivi ya uzito wake, gari dogo lenye sentimita 6 linapata mara 25. Kwenye kutua, kubwa lina nafuu. Na yote mawili yangepata nafuu kubwa zaidi kama rampu ingekuwa na mteremko wa kutulia, kwa sababu kwenye mteremko sehemu ya kasi ya kushuka inageuka kuwa kasi ya kwenda mbele. Rundo la udongo lililosawazishwa kwa jembe linaokoa vipuri vingi kuliko kifurushi chochote cha alumini.

Kwenye zege mambo yanageuka. Kwa kilomita 40 kwa saa gari dogo linabeba jouli 136, kubwa jouli 333. Lipeleke kubwa kwenye kilomita 60, ambayo kwa seli 6 linaifikia bila taabu, ni jouli 750. Hapo hakuna safari ya shokapu inayosaidia, kuna bampa na mkono wa mbele tu. Gari dogo linaondoka na mkwaruzo au mkono uliovunjika mahali ambapo kubwa linapinda bamba la chasisi. Bamba la alumini halivunjiki kirahisi, ila likishapinda milimita mbili shafti ya katikati inaanza kugusa na kutetema, na watu hutafuta tatizo kwenye beringi kwa wiki nzima. Laza rula chini ya chasisi kila baada ya ajali ya mbele. Beseni la nailoni lina tabia nyingine: linajikunja wakati wa kutua na kurudi, lakini likichoka linapasuka kwenye kona za tundu la betri, basi hapo ndipo pa kukagua kwa tochi.

Kwa uwanja wenye zege, ningemwambia dereva huyu aliweke gari kubwa kwenye betri moja ya seli 4 kama kontrola na kishikio cha betri vinaruhusu, au apunguze meno mawili ya gia ndogo ya mota. Akipunguza meno, joto la mota nalo linashuka. Mwanzoni lipimwe kila baada ya dakika tano. Likifika nyuzi 80 za Selsiasi asimame.

Kuna aina ya tatu ambayo dereva huyu hana, ile yenye ekseli ngumu, mfano Tamiya Clod Buster ya 1987, ambayo ina mota kwenye kila ekseli na usukani kwa magurudumu yote manne, au Losi LMT. Ekseli ngumu haina mikono ya kuvunja upande mmoja mmoja, na inatembea kama monsta traki halisi. Lakini uzito wote wa ekseli, difu na matairi uko chini ya springi, hivyo kwenye changarawe ya kasi inadunda, na gurudumu moja likipanda jiwe, gurudumu la upande wa pili linalala pamoja nalo. Kwa uwanja huu na mwendo huu singeichagua.

Baada ya matengenezo, chaji mbili za kwanza za gari kubwa ziwe za nusu mwendo. Kisha fungua nyumba ya difu ya mbele na uangalie grisi: vumbi jembamba la chuma ni la kawaida kwa gia mpya, chembe zinazong'aa zenye ukubwa wa punje ya mchanga zinasema krauni bado iko mbali, ongeza washa nyingine ya 0.1. Shokapu za nyuma zipimwe kwa kubonyeza kila siku ya kuendesha, kabla ya betri kuingia. Oringi zikianza kuvuja, utaona unyevu wenye vumbi kwenye shafti siku kadhaa kabla makalio hayajaanza kurusha.